Nimemdanganya mama ili niende Yokohama kuona bendi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 30, naishi Tanga, nafanya kazi ya uhasibu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Sijaolewa. Naishi na mama yangu, ambaye ni mjane, na mdogo wangu wa mwisho aliye kidato cha tatu. Nakuandikia kwa sababu wiki mbili hizi sipati usingizi, na jambo lenyewe ni la muziki. Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujaniona sina akili.

Kuna bendi ya Japani inaitwa Asian Kung-Fu Generation. Niliisikia mara ya kwanza mwaka 2009, nikiwa darasa la saba. Kaka yangu alinizoesha kwenda naye kibanda umiza cha mtaani kwetu, na siku ambazo hakukuwa na mpira, mwenye kibanda aliweka katuni ya Naruto. Wimbo wa pili uliokuwa ukiifungulia katuni ile ni wa bendi hii. Watoto wenzangu walikuwa wanasubiri mapigano, mimi nilikuwa nasubiri wimbo. Ukiisha, kwangu katuni ilikuwa imekwisha.

Nikachukua daftari la kwaya mbili nikaanza kuandika maneno yake jinsi masikio yangu yalivyoyasikia, bila kujua neno hata moja la Kijapani. Mama ndiye aliyelijalidi kwa karatasi ya kaki, akijua ni la Kiingereza. Ninalo mpaka leo. Nilipokuja kupata simu ya intaneti nikakuta karibu nusu ya niliyoandika si maneno ya lugha yoyote, lakini nikiimba pamoja na wimbo yanaingia sawasawa. Mwaka aliofariki baba nilisikiliza albamu yao ya 2004 kila usiku, simu nimeichomeka ndani ya foronya ili nisimwamshe mama. Yule mwimbaji, Gotoh, anaimba kama mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya barabara. Sijui nikuelezeje zaidi ya hapo.

Kwa miaka mitatu nimeweka akiba, nyingine kwenye vikoba, nyingine kwenye simu. Sasa nina shilingi milioni 6.2. Wana ziara inayokuja na nataka kuwaona Yokohama, mji walikoanzia. Wakala wa ndege amenitajia milioni 3.4 kwenda na kurudi.

Matatizo ni mawili. La kwanza ni mama. Paa la nyumba yetu limeoza upande wa jikoni, na mvua ikinyesha tunapanga masufuria chini. Mama siku hizi anahesabu kila kitu kwa mabati. Nikinunua viatu, ananiuliza vimekula bati ngapi. Nilimwahidi tutaezeka mwaka huu. Nikashindwa kumwambia nina pesa, na nilipoona tarehe za ziara nikamwambia kazini wananipeleka semina Nairobi kwa siku kumi. Amefurahi mno. Amekwisha kuwaambia majirani, na ameninunulia begi.

La pili ni tiketi. Nilijaribu kununua mwenyewe nikakwama, kila ukurasa ni Kijapani na wanataka namba ya simu ya huko. Kuna kijana nimempata mtandaoni, anasema yuko Tokyo, ana tiketi moja anauza shilingi laki sita. Anataka nitume kwenye namba ya simu ya hapahapa Tanzania, ya ndugu yake, kabla ya Ijumaa, la sivyo anampa mtu mwingine.

Shangazi, nitume? Na je, nina haki ya kwenda kweli, wakati jikoni kwetu kunavuja?

Binti wa Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Usitume. Naanza na hilo kwa sababu Ijumaa iko karibu, na mengine yanaweza kungoja.

Mtu aliye Tokyo mwenye tiketi halali hana haja ya namba ya ndugu yake wa hapa, wala hana haja ya kukuharakisha. Lakini hata tukikubali kwamba yupo na tiketi anayo, bado haikufai. Japani wana sheria ya kuzuia ulanguzi wa tiketi za burudani, ilianza kutumika tarehe 14 Juni 2019. Anayefanya biashara ya kuuza tena tiketi kwa bei ya juu bila ridhaa ya waandaaji anaweza kufungwa hadi mwaka 1, au kutozwa faini hadi yeni milioni 1, au vyote viwili. Tiketi nyingi za maonesho makubwa huandikwa jina la mnunuzi, na mlangoni wanaweza kukuomba kitambulisho. Utakuwa umevuka bahari, umesimama kwenye foleni na pasipoti yako mkononi, na jina kwenye tiketi ni la mtu usiyemjua. Wanakurudisha kwa heshima kubwa, na unabaki nje unasikia muziki ukutani.

Tena hizo laki sita ni nyingi mno. Tiketi ya bendi ya kiwango hicho, kwa bei ya waandaaji wenyewe, huwa kati ya yeni 7,000 na 9,000 hivi. Kwa fedha yetu haizidi sana laki moja na nusu.

Mtoto wa kaka yangu alisoma Yokohama miaka miwili, na barua yako nilimsomea kwenye simu. Amenieleza utaratibu, nami nakupa kama alivyonipa. Kule tiketi za bendi inayopendwa haziuzwi kwa anayewahi. Huuzwa kwa droo. Unaomba ndani ya siku zilizotangazwa, unangoja, kisha unaambiwa umepata au hujapata. Ukipata unapewa siku chache za kulipa, kwa kadi au kwenye yale maduka madogo ya saa 24 yaliyo kila kona, kama Lawson au FamilyMart. Usipolipa kwa wakati, nafasi imekwenda. Ukikosa droo ya kwanza, mara nyingi kuna ya pili na ya tatu kabla ya mauzo ya wote. Kwa hiyo aliyekosa mara moja hajakosa kabisa, na hapo ndipo wengi huingia mikononi mwa walanguzi kwa kukata tamaa mapema.

Ile namba ya simu uliyokwama nayo ni kikwazo cha kweli. Njia ni mbili. Baadhi ya ziara hufungua mlango wa pembeni wa kuuzia mashabiki walio nje ya nchi, wenye maelezo ya Kiingereza na unaokubali kadi za nje, basi angalia kwenye tovuti ya bendi yenyewe kama upo, usianzie kwingine. Njia ya pili ni kupata mtu anayeishi kule unayemfahamu kweli, akaomba tiketi mbili, yeye na mwenzake, jina lako likaandikwa kama mwenzake, na siku ya onesho mkaingia pamoja. Hiyo ni halali na ni ya kawaida kabisa. Tanga haikosi mtu ambaye ndugu yake au mwalimu wake alikwenda kusoma Japani. Uliza shuleni kwenu, uliza msikitini au kanisani, uliza hata wateja wa dukani. Mtu wa kufahamiana naye kwa sura na jina la baba yake, huyo ndiye wa kumkabidhi jambo hili.

Sasa nije kwenye swali lako la haki.

Sioni utoto katika barua yako. Mwaka 1970 Mbaraka Mwinshehe na wenzake wa Morogoro Jazz walikwenda Osaka kupiga kwenye Expo 70, na Wajapani walikaa wakawasikiliza wakiimba Kiswahili. Marehemu Hukwe Zawose wa Bagamoyo alialikwa kule na zeze lake na ilimba yake. Kila Februari wageni wanashuka Zanzibar kwa Sauti za Busara, wengine wameweka akiba mwaka mzima, na hatuwaoni wamerukwa na akili, tunawakaribisha. Muziki umekuwa ukivuka bahari hiyo kwenda na kurudi tangu sijaolewa. Wewe unadai zamu yako tu, na kwa jasho lako mwenyewe. Haki unayo.

Kilichonikaa moyoni ni begi.

Mama mwenye paa linalovuja ametoa pesa akakununulia begi la kwenda semina ambayo haipo. Nimelisoma hilo mara tatu. Mwanangu, kila siku atakayoliona begi lile hapo ndani wewe utashindwa kumtazama usoni, na ukiwa Yokohama utalibeba mgongoni. Halafu fikiria jambo la kawaida kabisa: umeumwa, umepoteza pasipoti, ndege imeahirishwa. Japani iko mbele yetu kwa saa sita. Mama atakupigia jioni, wewe umelala fofofo, usiku wa manane wa huko, hupokei. Atampigia bosi wako. Bosi atasema semina gani? Kwa saa nzima mama atakuwa anamtafuta mwanawe Nairobi, na kila hospitali atakayoiwaza ni ya Nairobi. Umfanyie hivyo mtu uliyekuwa ukimfichia simu ndani ya foronya ili asiamke?

Najua kwa nini ulidanganya. Uliona akisikia milioni 6 ataona paa zima juu ya meza. Na kweli ataliona. Kwa hiyo usiende kwake na maneno matupu, nenda na hesabu, wewe ni mhasibu. Mimi nimeipiga hivi. Ondoa milioni 3.4 za ndege, inabaki 2.8. Paa la upande wa jikoni, mabati, mbao na fundi, bei unaijua wewe kuliko mimi, na dukani kwako hawatakunyima punguzo. Fundi wangu amenikadiria milioni 1.3 kwa jiko la kawaida, geji 28. Inabaki 1.5. Tiketi ya onesho laki moja na nusu. Kitanda kwenye nyumba za wageni za bei nafuu, zile za kulala wengi chumba kimoja, ni kama yeni 4,000 kwa usiku, na usiku sita unafika laki nne. Chakula na treni, hata ukijibana, laki nne na nusu. Viza, nauli ya kwenda Dar na kurudi, koti la baridi la mtumba. Umebaki na chini ya laki nne, ugenini, peke yako. Hapana. Mimi singemruhusu mwanangu aondoke na mfuko huo. Akiba ya dharura ya milioni moja lazima ibaki bila kuguswa.

Kwa hiyo ushauri wangu ndio huu, na najua sehemu yake itakuuma. Ezekeni kwanza, kabla vuli haijaanza. Mabati yakiwa juu, mwombe rafiki utakayempata kule aingie droo kwa ajili yenu. Kama tiketi imetoka na kikoba chenu kikavunjwa kwa wakati ukaweza kufidia pengo, nenda ziara hii. Kama havikukutana, subiri inayofuata. Bendi yako ina watu walewale wanne tangu walipokutana chuo kikuu cha Kanto Gakuin mwaka 1996: Gotoh, Kita, Yamada na Ijichi. Wamekaa pamoja miaka yote hiyo bila kubadilishana mtu. Sikuahidi la kesho, lakini si watu wa kuamka asubihi wakavunja.

Kuhusu viza, Mtanzania haipati akifika uwanjani, lazima uombe kabla kwenye ubalozi wa Japani, Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, Dar es Salaam. Wataangalia barua ya kazi, ratiba yako siku kwa siku, mahali pa kulala, na taarifa ya benki. Hapo kwenye benki ndipo nina wasiwasi na wewe, kwa sababu akiba yako iko vikoba na simu. Fungua akaunti wiki hii uanze kuingiza kidogo kidogo, mshahara upite humo. Milioni tano zilizoingia zote siku moja, wiki moja kabla ya kuomba, zitaulizwa zimetoka wapi. Usiombe mapema kupita kiasi pia, maana viza ya safari moja lazima uitumie ndani ya miezi 3 tangu itolewe. Na ndege, shika nafasi tu, usilipe mpaka viza iko kwenye pasipoti. Hakuna ya moja kwa moja kutoka kwetu, utapitia Doha, Dubai au Addis Ababa. Fika siku mbili kabla ya onesho. Ukifika siku ileile utasinzia umesimama.

Nilimwuliza huyo mtoto wa kaka yangu ndani kukoje, maana nilitaka uende ukijua. Yeye alikwenda kwenye kumbi ndogo za Shimokitazawa, Tokyo, ambazo wenyewe huziita raibu hausu, lakini anasema kumbi kubwa za kusimama nazo zina desturi hizohizo. Kila tiketi ina namba ya kuingilia. Watu wanajipanga nje, mfanyakazi anaita namba, na kila mtu anajua wa mbele yake ni nani, hakuna wa kukuruka. Mlangoni unalipa yeni 600 za kinywaji, hata kama huna kiu, unapewa kidude kama sarafu ukabadilishie ndani. Begi unaliacha kwenye kabati la kufungua kwa sarafu za yeni 100, kwa hiyo tembea nazo mfukoni. Mara nyingi kupiga picha hairuhusiwi. Weka simu, tazama kwa macho yako.

Kilichomshangaza zaidi ni ukimya. Wimbo ukiendelea watu wanaruka, mikono juu, jasho. Ukiisha wanapiga makofi, kisha ukumbi mzima unanyamaza, watu mamia kwa mamia, mpaka unasikia mpiga gitaa akikaza nyuzi. Mara ya kwanza alidhani hawakuupenda. Baadaye akaelewa kwamba wanangoja, hawataki kupitwa na kitu. Sisi tumezoea kupiga vigelegele na kuitana, na wewe utatamani kupiga. Piga pale wengine wanapopiga kelele, utaona wakigeuka wakitabasamu. Bendi ikiondoka usivae koti, makofi yataanza kupigwa kwa mwendo mmoja, pa, pa, pa, ya kuwaita warudi.

Na siku ya pili yake, kama mfuko unaruhusu, panda treni ndogo ya Enoden kutoka Fujisawa hadi Kamakura. Ni kilomita 10 tu, vituo 15, na sehemu ya njia inapita kando ya bahari kabisa. Wewe unajua kuliko mimi kwamba albamu yao ya 2008 nyimbo zake zimebeba majina ya vituo hivyo, na mwaka 2023 wakaitoa upya baada ya kuongeza vituo vilivyokuwa vimebaki. Mtoto wa Tanga hapotei mahali penye harufu ya bahari.

Lakini kabla ya yote hayo kuna mazungumzo ya jikoni. Chagua jioni ambayo mdogo wako hayupo. Usianze na Japani, anza na semina: mwambie haipo, na umwombe radhi kwa begi. Mwache akasirike, atakasirika, usijitetee. Kisha mwekee mezani karatasi ya hesabu, mstari wa mabati uwe wa kwanza juu. Majirani atajua mwenyewe cha kuwaambia, hiyo si kazi yako.

Na uende na lile daftari. Alilijalidi kwa mikono yake akijua ni la Kiingereza, na miaka hii yote hajawahi kuambiwa ndani kuna nini. Mfungulie. Msomee yale maneno yasiyo ya lugha yoyote, halafu mpigie wimbo kwa sauti, nje ya foronya.

Halafu niandikie. Nataka kusikia alisema nini.

Shangazi